Ukungu wa Mlimani, Ukungu wa Mkate

Shosho alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya maabara ya hospitali moja hapa Nyeri, mjukuu wake wa miaka sita amemlalia mapajani, kichwa kimefungwa leso. Ilikuwa Julai, msimu ambao wenyeji wa huku huuita gathano, na mlima ulikuwa haujaonekana kwa siku nne. Mtaalamu wa maabara akatoka na karatasi. Alikuwa kijana mgeni wa eneo hili, Kikuyu hakijui, na shosho Kiingereza hakijui, kwa hivyo wakakutana katikati, kwenye Kiswahili. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja tu, wa Kiingereza, unaosema kwamba chembechembe za kuvu zimeonekana.

"Kwa hivyo mtoto ana nini, daktari?"

Kijana akanyamaza. Nilimwona akilitafuta neno. "Ni ukungu, shosho," akasema mwishowe. "Ana ukungu kichwani."

Shosho akageuka kutazama dirishani. Nje, ukungu ulikuwa umeimeza mikaratusi yote ya ng'ambo ya barabara. Akamgeukia tena kijana. "Ukungu?"

Nitarudi kwa shosho. Kwanza nataka kukaa na lile neno, maana kijana hakukosea kulitumia na shosho hakukosea kulishangaa.

Kamusi zetu zinaupa ukungu maana tatu, nazo zinaishi nyumba moja bila kugombana: mvuke mzito unaoshuka asubuhi, uoto mweupe au wa kijani unaotokea juu ya mkate uliosahauliwa, na ule mwanga hafifu wa alfajiri kabla jua halijachomoza. Mtu aliyekulia Nyeri haoni ajabu maana mbili za kwanza zikikaa pamoja. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Mlima Kenya upande mmoja, safu ya Nyandarua upande wa pili. Ukungu wa kwanza ukishuka na kukaa wiki nzima, ukungu wa pili haukawii. Kiatu cha ngozi kilichosahauliwa kabatini hutoka na manyoya ya kijivu. Maharagwe yaliyoanikwa yakarudishwa ndani kabla hayajakauka hunuka uvundo. Mmoja ni mzazi, mwingine ni mtoto, na lugha imewapa jina moja kama koo nyingi zinavyofanya.

Kisha kuna neno la Kikuyu ambalo nililisikia tangu utoto bila kulisikiliza: rũkũngũ. Maana yake ni vumbi. Liweke kando ya ukungu ulitamke polepole. Umbo la shina ni moja, kiambishi ndicho kilichobadilika. Kwa mtu wa mimea na vimelea hili ni jambo la kumfurahisha, kwa sababu kuvu husafiri kama vumbi. Uoto ule wa kijani juu ya mkate umejaa spora, chembe ndogo mno ambazo kila moja inaweza kuanzisha kuvu mpya. Za kuvu iitwayo Aspergillus fumigatus zina upana wa mikroni mbili au tatu. Itabidi upange zaidi ya ishirini mstari mmoja ndipo zifikie unene wa unywele. Kila mmoja wetu huvuta mamia ya spora hizo kwa siku, awe shambani Othaya au wodini. Hivyo kati ya Kiswahili na Kikuyu tunayo maisha yote ya kuvu: huelea kama ukungu, hutua kama rũkũngũ, huota ukungu. Hata hicho kitenzi nakipenda. Mkate huota ukungu jinsi mbegu inavyoota ardhini.

Tazama pia ngeli. Uyoga, ukungu, utando, ukoga wa menoni, uvundo: yote yanaanza na u-. Huko ndiko Kiswahili hutunza vitu visivyo na kingo zinazoshikika, na vile virefu vyembamba kama uzi na unywele. Kuvu ni vyote viwili kwa wakati mmoja. Ukiitazama kwa jicho ni doa lisilo na mpaka; ukiitazama kwa hadubini ni nyuzi. Sidhani kuna mtu aliyeketi akapanga hivyo. Lakini ngeli hiyo inaikaa kuvu vizuri kuliko majina mengi yaliyobuniwa na watu walioketi wakapanga.

Ugumu unaanza unapotaka jina moja la vyote. Wazee waliotuachia lugha walitaja kile walichokiona na mahali walipokiona. Duara lenye magamba mwilini ni choa. Kichwani mwa mtoto ni punye. Madoa mepesi yanayotokea kifuani na mgongoni kwa watu wazima ni mba. Weupe mdomoni mwa mtoto mchanga ni utando. Unga wa rangi ya machungwa chini ya jani ni kutu. Kile kinachoumua unga wa mandazi ni hamira, neno tulilopewa na Waarabu, na kinachochachusha togwa ni chachu, kutokana na kitenzi chetu wenyewe, kuchacha. Kile cha mwavuli kinachotokea baada ya mvua ni uyoga. Wajaluo wanakiita obuolo, na huku kwetu ni ikũnũ, yakiwa mengi makũnũ. Hakuna katika majina hayo linalomwambia mtoto kwamba punye ya kichwani na hamira ya jikoni ni watu wa himaya moja.

Wengine huona huo ni umaskini. Mimi naona watu waliotazama kwa makini. Chukua choa. Waingereza huuita ugonjwa huo mnyoo wa duara, na jina la Kilatini linalotumiwa na madaktari, tinea, lilikuwa jina la nondo na buu wake atafunaye nguo. Mnyoo haupo, nondo hayupo. Kiswahili hakikumtaja mdudu asiyekuwepo, kilitaja alama. Na Wakenya walipohitaji jina jipya walitafuta alama nyingine: mashilingi. Mtoto mwenye vipara vya mviringo kichwani ana mashilingi, na kila mama kuanzia Karatina hadi Nanyuki anajua unachosema. Hilo ni jina ambalo umri wake unaweza kukisiwa. Shilingi ya Afrika Mashariki iliingia mwaka 1921, baada ya rupia na baada ya florini iliyodumu muda mfupi. Kwa hivyo hakuna aliyeweza kuwa na mashilingi kichwani kabla ya hapo. Ugonjwa ni wa kale, jina ni la juzi, na linaeleweka mara moja kwa sababu lina umbo la sarafu.

Na wanasayansi wenyewe walifanya hivyo hivyo, tena kwa sheria. Kuvu nyingi zina sura mbili: moja huzaana bila kujamiiana, nyingine kwa kujamiiana, na sura hizo hazifanani hata kidogo. Kwa zaidi ya karne moja kanuni za kimataifa za majina ziliruhusu kila sura iwe na jina lake. Kuvu moja, majina mawili halali. Mwaka 2011 kundi la wataalamu lilikutana Amsterdam na kudai kuvu moja iwe na jina moja, na kanuni hiyo ikaanza kutumika tarehe 1 Januari 2013. Basi mtu anayemcheka nyanya yake kwa kuita kitu kimoja choa mwilini na punye kichwani akumbuke kwamba maabara za dunia nzima zilikuwa zikifanya hivyo hadi mwaka 2013.

Jina la wote tunalo, hata hivyo. Ni kuvu. Tanzania, ambako watoto wa msingi husoma sayansi kwa Kiswahili, wengi husema fangasi, na neno hilo limeshavuka mpaka hadi kwenye maduka yetu ya dawa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI) ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990 ilionyesha kwamba msamiati wa maabara unaweza kupangwa kwa lugha yetu. Fangasi ni neno la kawaida na sina ugomvi na anayelisema. Lakini nikiulizwa nachagua kuvu, kwa sababu kuvu huzaa. Limeshazaa neno moja zuri kuliko yote niliyokutana nayo katika somo hili: sumukuvu.

Sumukuvu ni jina ambalo Watanzania wameipa aflatoksini. Jina la kigeni limeshonwa kwa vipande: herufi ya kwanza ya Aspergillus, silabi ya flavus, halafu sumu. Lilihitajika baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa chakula cha njugu kilichoota kuvu. Anayelisikia jina hilo bila kuwa msomi haambiwi chochote. Sumukuvu linasema yote kwa silabi nne. Mwaka 2004, kusini-mashariki ya mlima huu, katika Makueni na Kitui na maeneo ya jirani, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo na 125 wakafa. Hayo yalikuwa mahindi ya nyumbani, yaliyovunwa na kuhifadhiwa na wenyewe. Wakulima wanajua ukungu wa mahindi kwa macho, na huchagua punje mbovu wakazitupa. Sumu yenyewe haina rangi wala harufu, na sufuria haiimalizi. Ndiyo maana neno ukungu halikutosha pale: ukungu ni kitu cha kuonekana. Ilihitajika istilahi inayotaja kisichoonekana, na inayoeleweka na mtu anayeanika mahindi uani na kuulizwa kama yamefika unyevu wa asilimia 13.5. Ningependa kuliona neno hilo kwenye kila ghala la Kenya.

Shamba la kahawa linafundisha somo lingine. Hapa Nyeri mkulima akigeuza jani na kukuta unga wa rangi ya machungwa, husema ni kutu. Akigusa, kidole hubaki na rangi, kama aliyegusa bati kuukuu. Wataalamu waliipa kuvu hiyo jina mwaka 1869 kutokana na majani yaliyotoka Ceylon: Hemileia vastatrix. Neno la kwanza linamaanisha nusu laini, kwa sababu spora yake ina upande mmoja laini na mwingine wenye vipele. La pili ni mharibifu wa kike. Ni jina la mtu aliyeangalia kwa hadubini kwanza na kulia baadaye, maana Ceylon iliacha kahawa ikageukia chai.

Lakini kuna ugonjwa wa pili, ule unaotia madoa meusi yaliyobonyea kwenye tunda bichi la kahawa mpaka likauke mtini. Ulionekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1922, na hupenda hasa mashamba ya juu yenye baridi na mvua, yaani kwetu. Usipodhibitiwa waweza kuchukua asilimia 80 ya mavuno. Kwa miaka mingi kuvu yake ilichanganywa na jamaa zake waishio kwenye gome la mkahawa bila madhara makubwa. Mwaka 1993 wataalamu Waller na Bridge waliitenga, wakaiita Colletotrichum kahawae. Nilipoliona jina hilo mara ya kwanza nilisimama. Kahawae! Neno letu, lililotoka kwa Waarabu likapitia Pwani, limevaa mwisho wa Kilatini na kuingia kwenye vitabu vya dunia. Mkulima wa Mukurwe-ini anayenyunyiza dawa ya shaba, ndugu wa ule mrututu ambao wazee waliujua madukani, anapigana na adui mwenye jina la Kiswahili, wala hakuna aliyemwambia. Silaha zake nyingine pia zina majina ya nyumbani: Ruiru 11, mbegu iliyotolewa mwaka 1985, na Batian ya mwaka 2010, iliyopewa jina la kilele cha juu kabisa cha mlima wetu.

Sasa ingia hospitalini, ambako majina yana uzito mwingine.

Aspergillus ilipata jina mwaka 1729. Pier Antonio Micheli wa Florence aliitazama kwa hadubini akaona kichwa cha mviringo juu ya shina, kimetawanya matone pande zote, akakumbuka kile kifaa ambacho padri hukichovya kwenye maji ya baraka na kuwanyunyizia waumini. Hapa Nyeri, mji wa wamisionari wa Consolata, mji uliofurika watu Mei 2015 Sista Irene Stefani alipotangazwa mwenyeheri, sioni haja ya kumweleza mtu yeyote kifaa hicho. Kila Mkatoliki amewahi kulowa kwa ajili yake. Mwanafunzi wa maabara akiambiwa "tafuta kinyunyizio cha padri" atakipata kwenye kioo kabla ya yule aliyekariri Kilatini. Wodini kuvu hiyo husubiri dari iliyovuja, au ukuta unaobomolewa karibu na wagonjwa wasio na kinga. Namna moja ya kuitafuta ni rahisi ajabu: unafungua sahani ya chakula cha vimelea katikati ya chumba, unaiacha saa nzima, unaifunika, unasubiri siku kadhaa. Kinachoota kinakuambia vumbi la chumba kile lilikuwa limebeba nini. Rũkũngũ ikatoa ukungu.

Candida albicans limebeba weupe mara mbili: candida ni nyeupe, albicans ni yenye kugeuka nyeupe. Kiswahili kilisema utando mweupe kikaishia hapo. Jamaa yake wa siku hizi ni wa kutisha zaidi. Candida auris ilitajwa mwaka 2009, baada ya kupatikana sikioni mwa mgonjwa Japani, na auris ni sikio tu. Jina hilo la upole linapotosha kabisa. Kuvu hiyo hukaa kwenye vyuma vya vitanda kwa wiki nyingi, baadhi ya dawa za kusafishia haziigusi, na inaingia damuni. Katika hospitali moja kubwa ya Nairobi, uchunguzi wa wagonjwa wa kati ya 2010 na 2016 ulikuta kwamba ndiyo iliyoongoza miongoni mwa Candida zilizopatikana kwenye damu. Mashine zilizotumiwa katika maabara nyingi ziliwahi kuisoma kama kuvu nyingine, Candida haemulonii, mpaka zilipofundishwa. Kuna mahali kukosea jina ni aibu ndogo tu ya mtu anayependa maneno. Hapa ni mgonjwa anayepewa dawa isiyomfaa, na kitanda kinachosafishwa kwa dawa isiyoua. Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya kuvu hatari, kuvu 19, auris ilikuwa kati ya nne za juu kabisa. Na mwaka 2024 wataalamu wakapendekeza jina lake la kwanza libadilike liwe Candidozyma. Sikio limebaki.

Nyingine katika kundi lile la juu ndiyo inayonisumbua zaidi kwa sababu ya Kiswahili chetu. Cryptococcus neoformans huingia kwa pumzi, mara nyingi kutoka kwenye vumbi la kinyesi cha njiwa, na kwa mtu ambaye UKIMWI umemmaliza kinga hupanda hadi kwenye utando unaozunguka ubongo. Tunauitaje ugonjwa huo? Homa ya uti wa mgongo. Sikiliza neno hilo kama ndugu wa mgonjwa. Linasema homa, na wengine hufika bila homa kali. Linasema mgongo, na mgonjwa anashika kichwa. Halisemi kuvu kamwe, ilhali aina nyingine za ugonjwa huo huletwa na bakteria na huhitaji dawa tofauti kabisa. Nimewahi kumsikia mtu akisema kaka yake alikanda mgongo kwa mafuta wiki nzima akidhani shida iko huko. Siilaumu familia. Jina ndilo lililowaelekeza mgongoni.

Wagiriki waliotoa vipande vya jina Cryptococcus wanasaidia zaidi kuliko sisi. Kryptos ni iliyofichwa. Kokkos ni punje au kokwa, na nani asiyesikia jinsi kokkos inavyolia karibu na kokwa yetu, hata kama ni bahati tu? Kokwa iliyofichwa. Ndivyo ilivyo kweli kwenye kioo. Fundi huchukua tone la maji ya uti wa mgongo, akalichanganya na wino wa India. Wino unajaza kila mahali isipokuwa pale kuvu ilipojizungushia ganda lake la ute. Giza lote, na katikati duara jeupe kama mwezi penye mawingu, na ndani yake kokwa. Siku hizi kuna kipande cha karatasi cha kupimia kinachotoa jibu kwa dakika kumi, na ni bora kwa mgonjwa. Hata hivyo ninasikitika kidogo kwamba fundi wa kesho huenda asiuone ule mwezi.

Kuna maneno mengine ambayo hayataki dunia nzima, yanataka tu shamba na msitu. Ukipanda kutoka Naro Moru wakati wa mvua ya njahĩ, Machi hadi Mei, utakuta uyoga chini ya misonobari na kando ya vichuguu. Kuutambua uyoga kunahitaji majina ya viungo vyake, na hapo Kiswahili kimejaa. Kofia au mwavuli juu, kikonyo chini, pete shingoni kwa baadhi yao. Na zile karatasi nyembamba chini ya mwavuli? Watu wa Pwani tayari wana neno la vile viungo vyekundu vya kupumulia vilivyo ndani ya shavu la samaki, na pia la nyuzi zinazoning'inia kwenye pindo la shuka: matamvua. Ni matamvua hasa. Ukitaka kujua rangi ya spora, ambayo ni moja ya dalili za kwanza wataalamu huandika, kata kikonyo, laza mwavuli juu ya karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, ufunike kwa bakuli usiku mmoja. Asubuhi matamvua yatakuwa yamechapa picha yao kwa vumbi lao wenyewe. Pegler wa bustani ya Kew, aliyetoa mwaka 1977 kitabu chake cha awali kuhusu uyoga wa Afrika Mashariki, alitegemea mambo kama hayo.

Wakulima wa uyoga wana neno jingine, na nimelifikiria sana. Ukienda Juja, kwenye chuo kikuu cha JKUAT, kununua cha kuanzia kilimo chako, utaomba mbegu ya uyoga. Utapewa nafaka iliyochemshwa, imefunikwa na nyuzi nyeupe zinazonuka utamu wa udongo. Hiyo si mbegu kwa maana ya mhindi. Spora ndizo zilizo karibu zaidi na mbegu. Ulichopewa ni mwili wenyewe wa kuvu, ukiwa hai, umekamata nafaka. Mkulima hakosei anaposema mbegu, kwa maana yeye anaipanda. Lakini ule mwili mweupe haujapata jina lake. Vitabu hutumia miseliamu. Wengine husema mizizi, na hilo linapotosha, maana linaufanya uyoga uonekane kuwa mmea, na himaya ya kuvu iko karibu zaidi na wanyama kuliko na mimea.

Mimi nataka kuuita utando. Tunalo kinywani mwa mtoto mchanga, na kile kilicho kinywani kweli ni kuvu. Tunalo kwa buibui. Linatoka kwenye kutanda, kitenzi cha mawingu yanapofunika mlima, na cha ukungu unapokaa bondeni. Kutoka hapo hapo tumepata mtandao. Msituni, kuvu iliyoshika mizizi ya msonobari hutanda kutoka mti hadi mti, na msonobari bila kuvu yake hukua kwa shida. Magazeti yetu yanaposema makanisa au vyuo vinachipuka kama uyoga hutaka kusema vimetokea kwa ghafla. Aliyewahi kuchimba chini ya uyoga anajua kwamba hakuna ghafla. Utando ulikuwa umetanda kitambo, na mwavuli ni tunda lake la siku mbili.

Hata muratina ina utando wake, usioonekana. Wazee huku hukausha tunda la mwegea, ambalo Wakikuyu huliita mũratina kama mti wake, wakalipasua na kulitumbukiza katika maji na asali karibu na moto. Tunda lenyewe halina utamu wa kulevya. Ndani ya nyuzinyuzi zake hukaa chachu, ambayo ni kuvu ya chembe mojamoja, na baada ya pombe kuiva tunda hutolewa, hukaushwa na kuhifadhiwa kwa safari ijayo. Hakuna aliyehitaji neno la chachu hapo. Neno mũratina lilibeba mti, tunda, kinywaji na kuvu yake, yote pamoja.

Narudi kwa shosho.

Aliporudia kusema "Ukungu?", aliendelea, "Huo nikipangusa na kitambaa chenye siki, nikamwanika juani, hautoki?" Hapo nilielewa neno lilikuwa limempeleka wapi. Ndivyo afanyavyo kwa viatu. Kijana akatikisa kichwa, akataka kuanza upya, na shosho akafungua leso ya mjukuu. Vipara vitatu vya mviringo, vyenye magamba. Akavionyesha kwa kidole.

"Hii? Haya si mashilingi?"

"Ndiyo, shosho. Ni mashilingi." Nilimsikia akivuta pumzi. "Lakini haya mashilingi hayako juu ya ngozi tu. Yameingia ndani ya unywele, mpaka kwenye shina lake. Yametanda huko ndani."

"Kama utando."

"Kama utando. Kwa hivyo mafuta ya kupaka hayatafika. Ni tembe. Wiki sita, labda nane. Hata kama nywele zimeanza kuota, asiache."

Akamwandikia jina la dawa nyuma ya karatasi ili amwonyeshe daktari aliyemtuma. Griseofulvin. Niliijua dawa hiyo kwa sababu ya jina lake. Iligunduliwa Uingereza mwaka 1939 kutoka kwa kuvu nyingine, Penicillium griseofulvum, kuvu ya udongoni. Sikusema kitu. Shosho alikuwa ameshamfunga mtoto leso tena na anauliza swali la maana zaidi.

"Anameza na nini?"

"Na chakula chenye mafuta. Au maziwa, shosho. Maziwa mazima, yasitolewe malai."

"Ng'ombe ninaye," akasema, akainuka.